Pilau Iliyobaki Isingoje Kesho



Ndugu wazazi na wanafunzi, nianze kwa kukiri kosa langu. Tulialikwa karamu ya harusi hapa Jinja. Watu walikula wakashiba, na bado ikabaki sufuria kubwa ya pilau haijaguswa. Tukasema, "Kesho tutatafuta wa kumpa." Asubuhi pilau ilikuwa imechacha, ikamwagwa. Siku hiyo hiyo madrasa mtoto mmoja alisinzia juu ya juzuu yake. Nilipomwuliza akanijibu, "Maalim, jana hatukupika." Kwao si mbali na nyumba ile ya harusi. Nami nilikuwa mmoja wa waliosema kesho.

Sote tunajua kwamba katika Surat Al-Israa, aya ya 26 na ya 27, wafujaji wamehesabiwa kuwa ndugu wa mashetani. Tunaisoma, tunaitafsiri, kisha tunamwaga. Wala tusidhani kuwa hili ni la mahoteli tu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, na sehemu 60 katika kila 100 zilitoka majumbani.

Wenzetu wamejaribu dawa. Ujerumani watu walianza mwaka 2012 kugawiana chakula kilichozidi kwa njia ya intaneti, na Uingereza programu ya simu iitwayo Olio ilianza mwaka 2015. Sisi hatuhitaji programu mpya, kwani makundi ya WhatsApp tunayo: ya msikiti, ya wazazi, na hasa ya kuchangia harusi. Kundi la harusi hupiga kelele miezi mizima kutafuta pesa za mchele na nyama. Pilau ikishaiva, kimya! Rai yangu ni kwamba kundi lile lisivunjwe mpaka sufuria ya mwisho imepata mlaji.

Mtu atauliza: mwenye njaa ana simu ya intaneti? Wengi hawana. Ndiyo maana kundi liwe la wapelekaji. Awemo hajati anayewajua wajane wa mtaa, kijana wa boda boda, na maalim anayejua mtoto gani kwao hawakupika. Kule Mbale, ambako Chuo Kikuu cha Kiislamu kipo tangu 1988, wamo wanafunzi waliopanga vyumba mbali na wazazi wao. Mwezi wa Ramadhani futari ya msikitini ikizidi, ujumbe mmoja unatosha kuifikisha kwao.

Lakini tuchunge mambo matatu.

Kwanza, saa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili bila kupozwa kwenye friji au kuwekwa cha moto. Wali uliolala mezani unaweza kumdhuru mtu hata ukipashwa moto. Kwa hiyo wapelekaji wapangwe kabla ya karamu, na chakula kiondoke kingali cha moto.

Pili, heshima. Tupeleke kilichotoka sufuriani, si mabaki ya sahani za watu. Na tusipige picha za wanaopokea. Surat Al-Baqara, aya ya 264, inatuonya kuwa masimbulizi na maudhi hubatilisha sadaka. Picha ya mama mjane ameshika sahani, ikizunguka katika simu za mtaa mzima, ni maudhi gani zaidi ya hayo?

Tatu, jirani ni jirani. Asiye Muislamu naye ana haki ya ujirani, na njaa yake ni njaa.

Enyi wanafunzi, simu mnazijua kutushinda sisi. Wiki hii ulizeni nyumbani: karamu ijayo ni ya nani, na nani atapeleka kitakachobaki? Mkipata jibu kabla ya moto kuwashwa, kazi kubwa imekwisha.

Allah atujaalie tuwe wenye kushukuru neema Zake. Aamin.

Wassalaam.