Jiwe Lililo Chini ya Bustani

Mvua za masika zinapokoma katika mitaa ya Nakawa, mashariki mwa jiji la Kampala, huanza majira ya lawama. Bustani mbili zilizolimwa siku moja, kwa mbegu zilizonunuliwa kwa mchuuzi yule yule sokoni, hutofautiana kama mchana na usiku. Ile iliyo katikati ya mteremko hubaki kijani kibichi. Ile iliyo karibu na kilele cha kilima hunyauka kabla ya juma la pili la jua kutimia. Migomba hukunja majani, mchicha hutoa maua kabla haujatoa mboga, na mparachichi uliopandwa kwa matumaini makubwa hukauka kuanzia nchani. Mama mkwe ajapo kutembea hutazama, hutikisa kichwa, na kusema kwa upole unaouma: "Mwanangu, mkono wako haupendwi na mimea." Maneno kama hayo yakirudiwa msimu hata msimu, mama wa nyumba hukata tamaa, jembe huwekwa nyuma ya mlango, na fedha ambazo zingenunua daftari za watoto huenda kununua mboga.

Mara nyingi mkono huo hauna kosa lolote. Sababu iko shubiri mbili au tatu chini ya ardhi, mahali ambapo macho ya mama mkwe hayafiki. Hapo pana tabaka gumu lililoshikamana kama sakafu, na juu ya sakafu hiyo pana udongo mwembamba, wenye mchanga na changarawe. Mwenye nyumba asiyelijua tabaka hilo hupigana na adui asiyemwona.

Majina waliyoyatoa wazee

Wazee wa Buganda walikwisha kuupa kila udongo jina lake muda mrefu kabla wataalamu hawajafika na vyombo vyao. Liddugavu ni udongo mweusi. Limyufumyufu ni mwekundu. Lusenyusenyu ni ule wenye mchanga. Na luyinjayinja ni ule uliojaa vijiwe. Huo wa mwisho ndio unaoonekana mara kwa mara karibu na vilele vya vilima vya Kampala, na vijiwe vyake vyekundu ndivyo watu huviita murramu wanapovimwaga barabarani.

Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, aliupa mpangilio wa namna hii jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Aliona kwamba udongo wa kilele, wa mteremko na wa bondeni hufuatana kama pete za mnyororo mmoja, kwa kuwa maji yanayoshuka huchukua kitu huku na kukiacha kule. Mtu ashukaye kwa miguu kutoka kilima cha Mbuya kuelekea bonde la Kinawataka huukanyaga mnyororo huo pete kwa pete, hata kama hakupata kusikia jina lake.

Kutu ya ardhi

Ni nini kinachogandisha udongo hata ukawa jiwe? Jibu liko jikoni. Sufuria ya chuma ikiachwa na maji usiku kucha, asubuhi huwa na kutu. Udongo wa nchi zenye joto na mvua nyingi una chuma ndani yake. Udongo unapojaa maji na kukosa hewa, chuma hicho huyeyuka na kusafiri pamoja na maji. Ukikauka na hewa ikaingia, chuma hugeuka kutu na kushikamana na chembe za mchanga na za mfinyanzi. Mambo hayo yakirudiwa kwa maelfu mengi ya miaka, kutu huwa saruji. Vilima vingi vya Kampala vimebaki na vilele bapa kwa sababu vimevikwa kofia ya jiwe hilo la chuma, ambalo limeyakinga yaliyo chini yake yasichukuliwe na mvua.

Mwaka 1807 Francis Buchanan, aliyekuwa amesafiri kusini mwa India, aliandika juu ya udongo ambao watu wa huko waliukata ungali laini na kuuacha hewani ukawa mgumu kama tofali. Yeye aliuita laterite, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya tofali. Habari hiyo ya kale ina onyo kwa mwenye nyumba wa leo: tabaka ambalo bado ni laini chini ya kivuli na majani huweza kukauka likawa jiwe pindi udongo wa juu unapoondolewa, na likisha kuwa jiwe hakuna mvua itakayolilainisha tena.

Majaribio matatu yasiyo na gharama

Si kila udongo mgumu una saruji. Pengine ugumu huletwa na jembe lililopiga kina kile kile kwa miaka mingi, au na nyayo za watu wapitao. Yafaa kutofautisha, maana dawa ya ugonjwa mmoja haiponyi mwingine.

Jaribio la kwanza ni la shimo. Lichimbwe shimo la dhiraa moja na nusu kwenda chini. Jembe likigonga kitu kinacholia kama mwamba kabla ya kufika hapo, kina hicho kipimwe kwa kijiti na kukumbukwa. Michimbo mitatu au minne katika sehemu mbalimbali za uwanja huonyesha wapi tabaka liko karibu na wapi limezama.

Jaribio la pili ni la bakuli. Lichukuliwe bonge la tabaka lile, likaushwe vizuri, kisha litumbukizwe katika bakuli la maji kwa muda wa saa moja au zaidi. Likisambaratika, huo ni ugumu wa kushindiliwa tu, na mbolea ya samadi pamoja na mtaimbo vitautengeneza. Likibaki zima, hiyo ni saruji ya kweli. Kwa wale walioko katika nchi kame, ambako saruji ya ardhi mara nyingi ni chokaa, matone ya siki kali juu ya bonge hutoa povu. Jiwe la chuma la Kampala halitoi.

Jaribio la tatu ni la maji. Shimo lijazwe maji jioni, na asubuhi litazamwe. Maji yakiwa bado yamesimama, mizizi itakayopandwa humo itasimama majini pia.

Dumu moja la maji

Kampala hupata mvua ya kadiri ya milimita 1,200 au zaidi kwa mwaka. Milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo kila mita ya bustani hupokea madumu yapatayo 60 ya lita 20. Mvua haipungui, kinachopungua ni ghala la kuiwekea.

Udongo mzuri wa tifutifu wenye kina cha mita moja huweza kuweka kadiri ya lita 150 za maji ambayo mimea inaweza kuyanywa, yaani zaidi ya madumu saba katika kila mita ya mraba. Udongo wa mchanga wenye kina cha sentimita 30 tu juu ya jiwe huweka kadiri ya lita 20, yaani dumu moja. Mboga zilizostawi hunywa lita nne hivi kwa siku wakati wa jua. Dumu moja basi huisha kwa siku tano. Na ikiwa nusu ya udongo huo ni vijiwe, huisha kwa siku mbili au tatu.

Ajabu ni kwamba mmea ule ule unaokufa kwa kiu mwezi wa Julai huenda ulikwisha kudhoofika kwa kuzama mwezi wa Aprili. Mvua kubwa hupita upesi katika mchanga, hufika kwenye sakafu ya jiwe, hukosa njia, nayo husimama. Mizizi inayokosa hewa huoza, na mparachichi ndio wa kwanza kuumia. Jua lijapo, mti huo hauna mizizi ya kutosha kutafutia hata kile kidogo kilichobaki.

La kufanya

Wengi hukimbilia sururu, huchimba shimo ndani ya jiwe, hulijaza udongo mzuri, na kupanda mti. Wamefanya chungu kisicho na tundu: maji ya mvua yatakusanyika humo na kuuzamisha mti. Anayeamua kuvunja jiwe hana budi alipenye kabisa mpaka udongo laini ulio chini yake, kisha alijaribu tena kwa maji. Ikiwa tabaka ni nene, kazi hiyo iachwe.

Njia nyepesi ni kuinua bustani juu badala ya kuifukia chini. Matuta yaliyoinuliwa, yenye udongo uliochanganywa na samadi na takataka za jikoni zilizooza, huongeza kina cha ghala. Magunia yaliyojazwa udongo na kutobolewa ubavuni hutosha kwa mchicha, nakati na sukuma wiki. Kilimo cha namna hii kidogo cha mjini hufundishwa katika kituo cha Halmashauri ya Jiji la Kampala kilichoko Kyanja, katika Divisheni ya Nakawa yenyewe. Viazi vitamu vipandwe juu ya matuta. Migomba na miti ya matunda ipelekwe pale ambapo kijiti cha kupimia kilizama zaidi. Na udongo wote ufunikwe kwa nyasi kavu, majani ya migomba au maganda ya kahawa, ili jua lisilinyang'anye dumu lile moja.

Choo na chemchemi

Bustani ikifa, familia hununua mboga. Choo kikikosewa, gharama huwa kubwa zaidi. Shimo la choo lililochimbwa kwa haba juu ya jiwe hujaa maji wakati wa mvua na kufurika uani, au uchafu wake hutambaa juu ya tabaka na kupenya katika nyufa zake hadi chemchemi zilizo chini ya kilima. Uchunguzi uliofanywa katika chemchemi za Kampala umeonyesha kwamba uchafu ndani yake huongezeka upesi mara baada ya mvua. Jiji hilo halijasahau kipindupindu cha mwaka 1997 na 1998.

Kwa hiyo mahali ambapo jiwe liko karibu, choo kiinuliwe juu ya ardhi kwa matofali, shimo lake lijengewe kuta zisizovuja, na lijengwe kwa namna ambayo gari la kunyonya litaweza kulifikia. Na maji ya chemchemi, hata yakiwa meupe kama kioo, yachemshwe.

Mkaa utokao mbali

Jambo hili haliishii Nakawa. Zaidi ya kilomita 100 kaskazini, huko Nakasongola katika ukanda wa malisho, kuna ardhi ya mchanga mwepesi, na mahali pengi jiwe la chuma liko karibu. Huko ndiko unakotoka sehemu ya mkaa unaowaka katika majiko ya Kampala. Miti ikikatwa na nyasi zikaliwa kupita kiasi, mvua huchukua udongo wa juu, mchwa humaliza majani machache yaliyosalia, na ardhi hubaki uchi, ngumu, isiyopokea maji. Katika sehemu hizo watafiti na wafugaji wamejaribu kuwafunga ng'ombe usiku juu ya ardhi iliyo uchi ili samadi yao irudishe nyasi, nayo imerudisha. Lakini kurudisha malisho ni kazi ya misimu mingi, na kuyaharibu ni kazi ya panga moja.

Mama wa nyumba apikaye maharage kwa kuyaloweka tangu usiku, na kutumia jiko lisilopoteza moto, anapunguza gunia lake la mkaa. Na kwa kufanya hivyo anasaidia kuufunika udongo ambao hatapata kuuona, unaolisha ng'ombe ambao maziwa yao huenda yakaletwa mlangoni pake.

Basi mama mkwe ajapo tena kutembea, na apewe kiti, apewe chai, kisha aonyeshwe shimo la dhiraa moja na nusu pamoja na bakuli lenye bonge lililokataa kulainika. Akiligusa kwa kidole chake mwenyewe, huenda akavua kitenge cha kutembelea, akajifunga cha kazi, na kuuliza samadi iko wapi.