Tiba kwa sanaa ifike mpakani, ila isikae jirani na forodha

Mfanyabiashara akipoteza mzigo mpakani, kila mtu humuuliza thamani yake. Magunia yalikuwa mangapi? Deni la nani bado halijalipwa? Ni nadra mtu kumuuliza kama analala usiku. Hata hivyo, wanaovuka Busia, Namanga, Rusumo au Ruzizi wanajua kuwa mtaji haupotei peke yake. Wapo walioporwa kwenye njia za panya, wapo wanawake waliodaiwa rushwa ya ngono, na wapo waliokimbia vita wakaacha duka na ndugu. Wengi hurudi kazini kesho yake, kwa kuwa watoto wanataka kula.

Watu hawa wanahitaji kuijua tiba kwa sanaa. Mfano wa karibu uko Bukavu, mji unaotazamana na Rusizi ya Rwanda ng'ambo ya mto. Katika Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dk. Denis Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2018, wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono wametibiwa pia kwa muziki. Hukaa kikundi pamoja na mtaalamu wa saikolojia na mtayarishaji wa muziki, hutunga nyimbo kuhusu yaliyowapata, kisha huzirekodi studioni. Nayo ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani, katika ripoti ya mwaka 2019 iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000, ilieleza kuwa sanaa ina mchango katika kukinga na kutibu maradhi ya mwili na ya akili.

Anayekwenda kwenye tiba hii atarajie nini? Kwanza, hahitaji kipaji. Mchoro wake hautapewa alama, na sauti yake haitashindanishwa. Siku ya kwanza huwa ya maswali na makubaliano: muda, malipo na siri. Baadaye hupewa rangi, udongo, ngoma au igizo, kisha huzungumza na mtaalamu kuhusu alichokifanya. Aliyenyang'anywa mzigo huona wepesi zaidi kueleza lori alilolichora kuliko kujieleza mwenyewe. Na pale Mrundi na Mganda wanapokosa lugha moja ya kusimulia uchungu, ngoma huwakutanisha.

Pili, asishangae akitoka siku nyingine akiwa mzito kuliko alivyoingia. Machozi ni sehemu ya kazi hiyo, na mtaalamu mzuri hujua pa kusimama. Tatu, nafuu huja kwa wiki na miezi. Tiba hii hairudishi mzigo, haifuti deni, wala si sababu ya kuacha dawa za hospitali. Mwenye mawazo ya kujiua apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mfanyabiashara hakubali mzigo bila kuukagua, na hapa asikubali pia. Aulize mtaalamu amesomea wapi, anasimamiwa na nani, na michoro au nyimbo zitatunzwa wapi. Anayeahidi kumponya mtu kwa siku moja, au anayetaka kumpiga picha akilia, aachwe na biashara yake.

Wapo watakaosema maskini hana muda wa kuchora. Lakini muda huo tayari unapotea: kwa kukosa usingizi, kwa kukosea chenji, kwa ugomvi na pombe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa upande wa serikali, njia imeshafunguliwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inazitaka nchi wanachama zitambue vyeti vya kitaaluma vya wenzao. Wataalamu wa fani hii ni wachache. Aliyehitimu katika nchi moja asizuiwe kuhudumia watu wa ng'ambo ya pili, wakati nyanya na mitumba vinavuka kila siku.

Hata hivyo, lipo kosa moja la kuepukwa. Kwa kuwa vituo vya huduma kwa pamoja mpakani vimeshajengwa, itakuwa rahisi kutenga chumba humo na kukiita cha ushauri. Hakuna mwanamke atakayechora mkono wa ofisa aliyemdhalilisha ikiwa ofisa huyo yuko chumba cha pili. Tiba hii ikae zahanati, sokoni au kwenye ofisi ya chama cha wafanyabiashara, na kumbukumbu zake zisiguswe na forodha, uhamiaji wala polisi.

Vyama vya wafanyabiashara visisubiri bajeti. Vinaweza kuanza na chumba kimoja, siku moja isiyo ya soko, na mtaalamu mmoja kutoka hospitali ya karibu. Vinapokutana na serikali kujadili ushuru na vyeti vya uasili wa bidhaa, viongeze na hoja hii. Jumuiya iliyojali kupitisha gunia la mahindi bila usumbufu inapaswa kumjali pia anayelibeba.