Usiulaumu Upepo

Msomaji wangu, hema likianguka usiku, watu husema kwa kinywa kimoja: "Ni upepo." Mimi nasema kwamba kauli hiyo ni ya uvivu. Upepo ulikuwako kabla ya hema, na kila mtu alijua kwamba ungevuma. Wa kulaumiwa ni yule aliyepiga kigingi bila ya kuiuliza ardhi.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulipiga kambi ufukoni mwa ziwa, juu ya mchanga. Vigingi viliingia kwa kusukumwa na mguu tu, nasi tukaufurahia wepesi wa kazi. Usiku wa manane hema lilituangukia, na nguzo yake ikampasua mwenzetu kipaji cha uso. Asubuhi sote tuliulaumu upepo. Hakuna aliyekumbuka kwamba kigingi kiingiacho bila ya taabu hutoka bila ya taabu.

Wako wadaio kwamba ardhi zote ni sawa. Hao wanajidanganya. Katika udongo mgumu, kigingi cha shibiri moja hutosha, kikipigwa kichwa chake kimeinamia upande usio wa hema, ili kamba ikivuta isiking'oe. Mchangani kigingi hicho hakifai kitu. Chimba shimo la kina cha goti, funga kamba katikati ya gogo au gunia lililojaa mchanga, ulilaze humo, ufukie na kushindilia. Penye mawe meusi ya volkano, kama kando ya Ziwa Turkana karibu na Loiyangalani, nyundo hupinda vigingi bure. Huko funga kamba katika jiwe, kisha mbele yake weka jiwe zito zaidi likandamize kamba. Upepo wa huko si wa mzaha: ndio uzungushao mitambo 365 ya umeme!

Na udongo mweusi, kama ule wa Mwea, ni mnafiki. Wakati wa kiangazi hukaza kama saruji. Mvua ikinyesha hulegea kama uji. Hapo piga vigingi virefu viwili viwili, kichwa cha kile cha mbele kikifungwa kwenye shina la kile cha nyuma. Wala usizisahau kamba. Ya katani hufupika ikilowa, ikang'oa vigingi. Ya nailoni hurefuka, ikaliacha hema likipigapiga. Zikague kabla ya kulala.

Nitaambiwa: "Hiyo ni kazi ya vibarua; mwanafunzi ashike vitabu." Nami nauliza: pembe ulizozichora katika hesabu, na aina za udongo ulizozikariri katika jiografia, ulijifunza ili uzijue karatasini tu? Mwaka 2024 mafuriko yaliwatoa maelfu ya watu majumbani mwao nchini Kenya, na wengine wakalala chini ya mahema pamoja na watoto wao. Mtoto kama huyo hasaidiwi na alama zako za mtihani ikiwa hujui kufunga kamba juu ya kichwa chake.

Basi, ewe kijana, kabla ya kuinua nyundo, inama. Shika udongo mkononi, ufinye, uukanyage, ujue ni wa namna gani. Tahadhari ni kabla ya hatari. Na siku hema lako litakapoanguka, uwe na ushujaa wa kusema: "Ni mimi."