Si Kila Jambo ni Uzee



Mwaka jana mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 81, aliswali Magharibi akiwa na akili zake timamu. Kulipokucha hakunijua. Aliniita kwa jina la kaka yake aliyekwisha fariki. Mara akasinzia, mara akapiga kelele. Sisi nyumbani tukanena, "Huu ndio uzee." Mwengine akasema ni shetani. Tukamsomea Kurani, na kusoma ni jambo jema. Lakini tulikaa naye siku mbili bila ya kumpeleka kwa daktari, na juu ya hayo tukampa vidonge vya usingizi. Hospitalini ikaonekana ana maradhi ya mkojo na maji yamempungua mwilini. Homa hakuwa nayo. Alipotibiwa, akili zikamrudia kidogo kidogo.

Basi jueni kwamba maradhi ya kusahau huingia taratibu, kwa miezi na miaka. Ama kuchanganyikiwa kwa ghafla huja kwa saa au siku chache, hupanda na kushuka, na aghlabu huzidi usiku. Sababu zake ni nyingi: maradhi ya mapafu au ya mkojo, upungufu wa maji, choo kufunga, maumivu, au dawa zenyewe. Mzee aweza kuwa na maradhi ya mapafu wala mwili wake usiwe moto. Tena kiu humpungua, na figo zake huchelewa kuitoa dawa mwilini. Vidonge vya usingizi, na hata baadhi ya vidonge vya mafua, humzidishia.

Kwa hiyo mzee akibadilika ghafla, mpelekeni hospitali siku ile ile. Chukueni dawa zake zote, na za miti shamba pia, na mwelezeni daktari mabadiliko yalianza lini. Mvisheni miwani yake. Akae naye mtu amjuaye, amkumbushe kwa upole siku na mahali alipo, wala asibishane naye.

Nanyi vijana, Mwenyezi Mungu katika Suratul Israa ametuamrisha kuwatendea wema wazazi wetu wafikapo uzeeni. Katika wema huo ni kujua jana walikuwaje na leo wakoje.

Nilimwomba mama radhi kwa siku zile mbili. Alicheka, hakumbuki lolote. Mimi ndiye nikumbukaye.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.