Aliyeshindwa sataranji asiondolewe kitini

Waswahili husema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii husikika kila jioni katika baraza za Likoni, Kisauni na Changamwe, mahali ambapo watu huketi kucheza bao, drafti na, kwa wachache wetu, sataranji. Aghalabu hutamkwa kwa kicheko, na maana yake huwa moja tu: umefungwa, inuka, mpishe mwenzako. Nathubutu kusema kwamba methali hiyo tumeielewa nusu, na nusu tuliyoiacha ndiyo ingetufaa zaidi.

Kanuni ya baraza inajulikana. Ubao ni mmoja na wachezaji ni wengi, kwa hivyo mshindi hubaki na mshinde huondoka. Kanuni hii ina haki yake, lakini tuyatazame matokeo yake. Hodari hucheza michezo mitano kwa jioni moja. Dhaifu hucheza mmoja, kisha hungoja akitazama migongo ya watu. Anayehitaji mafunzo zaidi ndiye apataye machache. Tena huondoka bila kujua aliponzwa na nini, kwani kete zimekwisha kupangwa upya kabla hajasimama sawasawa.

Jambo hili lina uzito kwa sababu wengi wetu tu watu wa muda mfupi. Mtu akitoka kazini bandarini au viwandani, akasimama foleni ya matatu au akangoja feri, hufika kwake akiwa amebakiwa na nusu saa tu. Je, nusu saa hiyo aitumieje ili mwakani awe mchezaji bora kuliko alivyo leo?

Jibu la wengi siku hizi ni simu. Hucheza michezo ya dakika tatu tatu, kumi kwa usiku mmoja, wakidhani kwamba wingi ndio mafunzo. Mimi nilifanya hivyo kwa miaka miwili na sikusonga mbele. Nilikuwa nikirudia makosa yale yale, ila kwa kasi zaidi.

Taaluma yangu ni isimu. Mwaka 1967 mwanaisimu Mwingereza, Pit Corder, alitoa hoja kwamba kosa la anayejifunza lugha si takataka ya kufagiliwa, bali ni ushahidi wa kanuni anayoifuata kichwani mwake wakati huo. Nimeifundisha hoja hiyo miaka mingi pasipo kufikiri kwamba yanihusu mimi mwenyewe mbele ya ubao wa sataranji.

Aliyenizindua ni kijana mmoja wa mtaani kwetu Likoni, fundi wa kuchomelea vyuma. Alinifunga, nami nilipoanza kuinuka akasema, "Mwalimu, keti kwanza nikuonyeshe." Niliona haya. Watu walikuwa wakitazama, nami ni mtu wa shahada ya uzamifu, niliyezoea kusahihisha kazi za vijana wa rika lake. Ulimi ulikuwa tayari kusema kwamba nina haraka. Nikaketi. Kwa dakika kumi alizirudisha kete nyuma, hatua baada ya hatua, na nikaiona kanuni niliyokuwa nikiifuata bila kujua: kila nilipotishwa nilishambulia, hata pale mfalme wangu alipokuwa uchi. Hilo halikuwa kosa la siku moja. Lilikuwa sarufi yangu.

Utafiti nao una la kusema. Mwaka 1973 Wamarekani William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde tano, kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Kete zilipokaa kama zikaavyo katika mchezo halisi, bingwa alikumbuka nyingi kuliko mwanagenzi. Zilipotawanywa ovyo, ubingwa haukumfaa kitu. Basi bingwa husoma makundi ya kete kama sisi tusomavyo maneno, si herufi moja moja. Na msamiati wa namna hiyo huhitaji kurudiwa na kutafakariwa.

Wala isidhaniwe kuwa mwenye ajira hana lake. Max Euwe wa Uholanzi alikuwa mwalimu wa hisabati, na mwaka 1935 alimshinda Alexander Alekhine akawa bingwa wa dunia. Sisi hatuombi makuu hayo. Inatosha mchezo mmoja mrefu kwa juma, hatua zake zikaandikwa. Siku mbili zinazofuata, itafute mwenyewe hatua iliyokuponza kabla ya kuiuliza simu. Siku zilizosalia, tatua fumbo moja moja; mimi huwa na karatasi mfukoni yenye mkao mmoja wa kete, nayo hunitosha kutoka foleni ya feri hadi ng'ambo. Na ujifunze miisho yenye kete chache, kama José Raúl Capablanca alivyowaanzishia wasomaji wake katika kitabu chake cha 1921.

Wapo watakaosema kuwa mchezo ni mchezo, na kwamba dakika kumi za mshinde ni dakika kumi za kuwakawiza wanaongoja. Nawaelewa, anayetaka kupumzika apumzike. Lakini wanaongoja nao wana macho. Bao letu, lenye mashimo 32 na kete 64, wazee wetu wengi hawakulipata vitabuni. Walilipata kwa kutazama na kubishana juu ya mchezo uliokwisha.

Kwa hivyo pendekezo langu ni dogo. Mshindi abaki, lakini mshinde naye akae dakika kumi, kete zirudishwe nyuma, na ajuaye aseme, awe mzee au kijana. Kukubali kushindwa si kuondoka kimya. Ni kuuliza, mbele za watu, "Nilikosea wapi?" na kulisubiri jibu.