Usiuze Datsun ya Babako kwa Kilo

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, mkazi wa Maseno, na mwenye Datsun 240Z: gari la mbio la viti viwili, lenye pua ndefu na namba za zamani zisizo na herufi mwishoni. Nililinunua kwa mkulima wa miwa upande wa Chemelil, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Majirani walidhani nimerukwa na akili, na baadhi yao hawajabadili mawazo. Nami nashikilia kwamba wanaoyauza magari kama haya kwa wenye vyuma chakavu ndio wenye hasara.

Wa rika langu wanajua kwa nini gari hili lina jina Kenya. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa 240Z, Shekhar Mehta akaja wa pili kwa nyingine kama hiyo. Mwaka 1973 zamu ikawa ya Mehta mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS. Huku magharibi tulijivunia pia Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda mara tatu: 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer. Pasaka ya siku hizo haikukamilika bila redio na majina hayo.

Kuishi na gari la namna hii kuna adabu zake. Maseno iko juu, baridi ya alfajiri si mzaha, na gari haliwaki mpaka uvute choki. Ukiivuta kupita kiasi plagi zinalowa petroli, na hapo huna la kufanya ila kungoja. Kabureta ni mbili, zinalisha silinda sita. Zisipovuta hewa sawasawa, gari linatetemeka likiwa limesimama na linakohoa kwenye mlima wa kutoka Kisian. Fundi wangu wa Kibuye hana kompyuta. Huweka ncha moja ya mpira sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mluzi wa hewa, akazungusha skrubu kidogo kidogo hadi milio miwili ilingane. Ningekuwa bado darasani, ningewapeleka wanafunzi wangu wote wakausikilize mpira ule.

Halafu kuna matuta. Barabara ya Kisumu kwenda Busia inayo tele, na gari langu liko chini. Tuta hulivamii, unalikata mshazari, gurudumu baada ya gurudumu, matatu nyuma yako ikikupigia honi. Lakini adui mkubwa ni kutu. Mvua ya ziwani humwagika alasiri, unyevu ukajificha chini ya zulia na ndani ya vizingiti vya milango, na mabati ya Datsun za enzi hizo hayakuumbiwa kuvumilia maji.

Viti viwili navyo vina siasa yake. Katika ukoo wetu, mwenye gari ndiye basi la matanga. Mashemeji na mawifi hukitazama kile kiti kimoja, wakanitazama mimi, kisha wakaanza kupimana ukubwa. Nyuma pana nafasi ya sufuria mbili na kifuko cha omena, na harufu ya omena haishuki na abiria.

Ila likiwa limekaa sawa, ukateremka kuelekea Kisian, gia ya tatu, dirisha wazi, ziwa likijitandaza mbele yako na silinda sita zikiimba kwa sauti moja, utasahau bili ya fundi. Polisi kwenye kizuizi hawaniulizi leseni. Wananiomba nifungue boneti.

Nao wanaona injini inayoeleweka. Silinda zake zina kipenyo cha milimita 83 na pistoni husafiri milimita 73.7, vipimo vilevile vya Datsun 1600 ya silinda nne, gari la kawaida la familia. Ndiyo maana fundi akitafuta pistoni huanzia kwenye Datsun zilizolala vijijini kabla ya kuagiza ng'ambo. Gasketi hukatwa kwa mkasi. Bushi huchongwa kwenye lathi. Karibu kila kitu kinaweza kutengenezwa na mkono wa mtu aliye umbali wa nauli moja ya matatu.

Sasa hoja yangu. Kiwango cha KS 1515:2000 kinazuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyozidi miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Siugombi uamuzi huo. Bila huo tungekuwa jaa la mataifa mengine. Lakini maana yake ni kwamba magari ya kale yaliyomo nchini ndiyo hayohayo. Moja likikatwa kwa gesi, halina badala. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu kama nguzo za umeme, na miezi michache baadaye ikafunguliwa tena. Nguzo zilipata mtetezi. Gari la marehemu mzee, lililoachwa uani, halina.

Mtaniambia hii ni anasa ya wenye nazo, kama yale maonyesho ya Concours d'Elegance yanayofanyika Nairobi tangu 1970. Sikubali. Pesa zangu huishia Kibuye: kwa fundi wa bodi, mchomeleaji, mpiga rangi na mshona viti. Ningekuwa na gari jipya la mkopo, zingeishia benki. Na mafundi hawa wanazeeka. Vijana wamezoea kuchomeka mashine ya kusoma hitilafu, na kabureta haina pa kuchomeka. Tangu 2003 tuna mashindano ya East African Safari Classic Rally, ambako 240Z bado hukimbia kwenye vumbi letu. Wazee wakiondoka na ujuzi wao, nani atazikarabati?

Serikali iyape magari ya kale daraja lake la usajili, na anayetaka kukata gari la zaidi ya miaka thelathini atangaze kwanza, mwenye kulitaka ajitokeze. Vyuo vya ufundi, Kisumu National Polytechnic kikiwemo, viwaalike mafundi wazee wafundishe kabureta kwa mikono. Gharama yake ni ndogo.

Nawe msomaji, kama nyuma ya nyumba ya babako kuna Datsun, Peugeot 404 au Ford Escort iliyomezwa na nyasi, anza kwa kutafuta logibuku, maana bila hiyo utapata taabu kuthibitisha kuwa gari ni lenu. Pili, mwite fundi mwenye mvi azungushe injini kwa mkono aone kama imekwama. Ikizunguka, una gari. Ukishindwa kulilea, mpe mtu atakayeliendesha, hata kwa bei ya chini.