Fuata zege moja mpaka siku ya 28

Na Zuhura Mbwambo

Msimu wa fildi umefika. Wanafunzi wa uhandisi ujenzi kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DIT, MUST na Chuo cha Ufundi Arusha wanasambaa kwenye saiti zetu wakiwa na kofia ngumu mpya, wengi kwa wiki nane. Nawaonea huruma watakaozimalizia ofisini wakitoa kopi za michoro, kisha usiku wa mwisho wajaze logibuku nzima kwa kunakili ya mwenzao. Muhuri utagongwa, alama zitatolewa, na nchi itapata mhandisi ambaye hajawahi kushika zege bichi.

Ushauri wangu kwao ni mmoja: chagua kazi moja, uifuate toka mchoro hadi majibu ya maabara. Hata nguzo za ghorofa moja zinatosha. Wiki nane ni siku 56, na nguvu ya zege hupimwa siku ya 28, hivyo ukianza mapema muda unakutosha.

Anza na nondo. Kabla zege halijamwagwa, chukua mchoro na futi, hesabu nondo, pima nafasi kati ya ringi na ringi, tazama kama biskuti zimewekwa ili nondo zisiguse ubao. Nondo isiyofunikwa vizuri hushika kutu, na kutu hutanuka mpaka ipasue zege. Ukikuta kasoro usimkaripie fundi. Mwamkie, shikamoo yake ni haki yake, kisha muulize kwa nini kafunga vile. Pengine ataliona kosa mwenyewe. Pengine utagundua mchoro wenyewe haufungiki, maana aliyeuchora hajawahi kujaribu kupitisha mkono katikati ya nondo hizo.

Siku ya kumwaga, simama kwenye mikseri. Hapo ndipo jengo linapoharibika bila kelele. Uwiano wa maji na saruji ukiwa 0.5, mfuko wa kilo 50 unataka lita 25 za maji, na mchanga ulionyeshewa usiku tayari una maji yake. Jua likiwaka vibarua huchoka, zege zito linasumbua, mtu anaongeza ndoo. Zege linateleza, kila mtu anafurahi, na nguvu imeshashuka. Kipimo cha slampu kitakuonyesha: koni ya milimita 300, tabaka tatu, kila tabaka linashindiliwa kwa chuma mara 25, kisha unainua koni na kupima zege limeporomoka kiasi gani. Omba ukifanye kwa mkono wako. Jaza na kyubu, ziandike tarehe na nguzo husika, zikishakauka zilaze kwenye maji. Kwa saruji ya kawaida, siku ya saba hutarajiwa kufikia takriban theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28. Siku hiyo ya 28 nenda nazo maabara, uwepo mashine inapozivunja.

Nasema haya kwa uchungu. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka jingine Kariakoo. Jengo likianguka, sababu mara nyingi ni zaidi ya moja, lakini kijana aliyezoea kupima na kuandika alichokiona ni kinga mojawapo tuliyo nayo.

Wakandarasi nao wana wajibu. Mpeni mwanafunzi fomani wa kumfuata, viatu vya usalama, na kwa wasichana choo chenye mlango unaofungika. Inauma kwamba mwaka huu bado tunaliomba hili.

Na wahadhiri mnaopita kukagua, msiishie kuhesabu kurasa zilizosainiwa. Mwambieni mwanafunzi awapeleke kwenye nguzo aliyoifuata, awaonyeshe majibu ya kyubu zake, na kama zilifeli, aeleze nani aliambiwa na nini kilifanyika.